Balozi wa Nchi Isiyo Yako



Somo: 1 Wafalme 3:4-28

Wapendwa vijana, pengine shuleni au chuoni kwenu kuna MUN, yaani mkutano wa kuigiza wa Umoja wa Mataifa. Mwanafunzi anapewa nchi, anakaa nyuma ya kibao chenye jina la nchi hiyo, na kwa siku mbili tatu anakuwa balozi wake. Anahutubia, anatafuta wa kumuunga mkono, wanaandika azimio pamoja, wanapiga kura. Wapo wanaosema ni mchezo wa wapenda suti na picha. Mimi naona kuna fadhila inayofundishwa pale, tukitaka kuiona.

Nchi unayopewa

Mara nyingi hupewi nchi yako. Binti wa Mbeya anaweza kuwa balozi wa Japani, kijana wa Moshi akawa wa Brazili. Lazima asome: watu wa kule wanaishi kwa kazi gani? Wanaogopa nini? Kisha anatetea msimamo ambao pengine yeye binafsi haukubali. Ni kazi ngumu, maana sisi tumezoea kumjibu mtu kabla hatujamwelewa. Fungua tu grupu lolote la WhatsApp wakati wa uchaguzi utaona!

Moyo unaosikiliza

Solomoni alipopewa nafasi ya kuomba chochote, hakuomba utajiri wala maisha marefu. Kwa Kiebrania, alichoomba ni moyo unaosikiliza. Mara wakaja wanawake wawili waliomgombania mtoto. Soma vizuri aya ya 23: kabla ya kuagiza upanga, mfalme anarudia kwanza maneno ya kila mmoja. Huyu anasema hivi, na yule anasema vile. Ndipo anaamua.

Lakini angalia, kusikiliza hakukumfanya aseme wote wako sawa. Mtoto alirudi kwa mama yake. Kumwelewa mtu si kukubaliana naye, na dhamiri yako haiendi likizo ukivaa kibao cha nchi nyingine.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anaweka kufundishika kuwa sehemu ya busara. Sababu yake ni rahisi: mambo ya kutenda ni mengi na hubadilika mno, hakuna mtu mmoja anayeweza kuyaona yote peke yake. Kwa hiyo kiongozi asiyefundishika, hata awe na akili vipi, bado hana busara.

Cheti au amani?

Hatari ya MUN ni hii: mwishoni kuna tuzo ya mjumbe bora. Ukikosa, unarudi bwenini umenuna, basi. Katika siasa za kweli azimio likishindikana, kuna watu wanaokufa.

Mwishoni mwa 1978, Argentina na Chile, nchi mbili za Wakatoliki wengi, zilikaribia kupigana kwa ajili ya visiwa vya kusini kabisa mwa bara lao. Papa Yohane Paulo II alimtuma Kardinali Antonio Samorè, akaenda huku na huku kusikiliza pande zote mbili. Usuluhishi ulichukua miaka. Mkataba ulitiwa saini Vatikano mwaka 1984. Kardinali alikuwa amefariki mwaka 1983.

Na hapa kwetu, Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere alisuluhisha mgogoro wa Burundi katika mazungumzo ya Arusha hadi alipofariki Oktoba 1999. Mandela akaendeleza, na makubaliano yakasainiwa Agosti 2000.

Wote wawili hawakuwepo siku ya saini na makofi. Je, kazi yao ilipotea? Hapana. Mpatanishi wa kweli anatafuta amani, hata kama picha watapiga wengine.

Ona, Amua, Tenda

Wana TYCS mnaijua njia hii.

*Ona:* Ni ugomvi gani uko darasani, kwaya au jumuiya yenu sasa hivi?

*Amua:* Je, naweza kueleza hoja ya upande nisioupenda, kwa namna ambayo wao wenyewe wangesema, "Ndiyo, hicho ndicho tunachosema"?

*Tenda:* Wiki hii mtafute mmoja wao. Muulize, nyamaza, msikilize mpaka amalize.

Sala: Ee Bwana, tupe moyo unaosikiliza kabla ya kinywa kinachojibu. Utufundishe kutafuta haki na amani, hata pale ambapo jina letu halitatajwa. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.