SOMO: Mkopo au Mshirika?



Mbwana Alliy ni Mtanzania. Aliwahi kufanya kazi Microsoft, kampuni kubwa ya programu za kompyuta, kisha akageukia kazi ya kuzipa mtaji biashara za wengine. Mwaka 2012, yeye na Erik Hersman na Paul Bragiel walianzisha Savannah Fund mjini Nairobi. Mfuko huu ulitoa pesa kwa biashara changa za teknolojia, si kwa mkopo, bali kwa kupewa hisa. Biashara ikifa, mfuko umepoteza. Ikistawi, unavuna pamoja na wenyewe.

Sasa tuje kwetu Miritini. Kikundi chataka mashine ya kusaga unga. Mkikopa, mtalipa hata mashine ikiharibika; lakini deni likiisha, mashine ni yenu. Mkiuza hisa 15 katika kila 100, hamna deni. Lakini kila mkigawana faida ya shilingi 1,000, shilingi 150 ni za mshirika, mwaka nenda mwaka rudi. Tena ana haki ya kuuliza hesabu.

Basi msitie sahihi mbio mbio. Jadilianeni kwanza:

1. Tukipata hasara, ni nani ataibeba?
2. Mshirika akitaka kutoka, hisa zake zitanunuliwa na nani, kwa bei gani?
3. Je, daftari letu la hesabu laweza kuonyeshwa mgeni leo?