Kidonge cha malaria kimetoka wapi?

Ukipekua sanduku la nguo katika nyumba nyingi za kijijini, hukosi kukuta vidonge vilivyobaki. Baba aliugua malaria. Zahanati wakampa dawa ya siku tatu. Siku ya pili homa ikashuka, akashika jembe akaenda shambani. Vidonge vilivyobaki akavifunga kwenye kitambaa. Eti vitamfaa mtoto siku nyingine.

Ndugu msomaji, kabla hatujamlaumu baba huyo, tujiulize kwanza. Nani aliamua kwamba mtu mzima ameze vidonge 24, wala si 10? Na alijuaje? Katika somo hili tutafuata safari ya dawa moja, klorokwini. Wengi wetu tunaikumbuka: ilikuwa chungu, na ilileta muwasho mwili mzima. Ukiifahamu safari yake, utafahamu jinsi dawa mpya zinavyobuniwa na kupimwa hata leo.

GAMBA LA MTI

Zamani dawa kubwa ya malaria ilikuwa kwinini. Hutoka kwenye gamba la mkwinini, mti ambao asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walifaulu kuitenga kwinini na vitu vingine vilivyomo katika gamba. Baadaye Waholanzi walipanda mikwinini mingi katika kisiwa cha Java, na karibu dunia nzima ikawa inategemea kisiwa hicho.

Hata Tanzania ilipandwa. Wajerumani waliipanda Amani, kwenye milima ya Usambara. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza askari wao waliokuwa huku walikatiwa njia ya bahari, dawa zikawa haziji. Wakachemsha magamba ya Amani na kunywa maji yake, machungu kupita kiasi.

Kule Ujerumani kwenyewe shida ilikuwa ile ile. Mwenye mti ndiye mwenye dawa. Basi wataalamu wao wakajiuliza: je, hatuwezi kutengeneza dawa sisi wenyewe, bila mti?

RANGI YA KUTIA NGUO

Wazo hilo lilikuwa limekwisha anza kabla ya vita. Daktari mmoja, Paul Ehrlich, alizoea kutia rangi kwenye damu ili aone vizuri katika hadubini, yaani kile chombo cha kukuzia vitu vidogo. Akaona kwamba rangi moja ya buluu, ya kutia nguo, inavishika vijidudu vya malaria. Akafikiri: kama rangi inakishika kijidudu, huenda inaweza na kukiua. Mwaka 1891, mjini Berlin, yeye na mwenzake Guttmann waliwapa wagonjwa wawili rangi hiyo. Wote wawili walipata nafuu. Mkojo wao je? Rangi hiyo huugeuza mkojo kuwa wa buluu au kijani!

Lakini rangi ile ilikuwa dhaifu kuliko kwinini. Ilibidi irekebishwe.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kazi ya kubuni dawa. Kila kemikali ina umbo lake. Imeungwa kwa vipande vidogo sana ambavyo macho hayawezi kuviona. Ukitoa kipande kimoja na kutia kingine, tabia ya kemikali hubadilika. Mfano wake ni zana zetu. Mpini ni ule ule, lakini ukitia shoka utapasua kuni, na ukitia jembe utalima.

Baada ya vita, wataalamu wa kampuni ya Bayer katika mji wa Elberfeld waliiunga ile rangi ya buluu na mkia mpya wa kemikali. Ikapata nguvu zaidi. Basi wakaushika mkia wa namna hiyo kama mpini, wakawa wanabadilisha kichwa tu. Kichwa hiki hakifai, weka kile. Katika miaka ya 1920 wakapata dawa waliyoiita Plasmochin. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wakapata Atebrin, ambayo kichwa chake kina pete tatu zilizoungana. Iliponya, lakini iliwafanya watu kuwa manjano ngozi nzima. Mwaka 1934 mtaalamu Hans Andersag akaweka mkia ule ule kwenye kichwa cha pete mbili. Dawa hiyo wakaiita Resochin. Ndiyo klorokwini yetu.

Walijuaje ipi inafaa? Walitumia ndege. Wapo ndege wadogo wa manjano, jamii ya chiriku, wanaofugwa katika vizimba. Ndege nao wana malaria yao, ambayo si ya watu. Daktari Wilhelm Roehl aliwatumia ndege hao kupima kemikali moja baada ya nyingine. Bila ndege hao, kazi ya kubadilisha vichwa ingekuwa kama kupapasa gizani.

WATAALAMU WANAKOSEA

Resochin iliwaponya ndege. Ikapelekwa kwa watu, lakini wagonjwa wachache sana. Madaktari wakasema ina sumu mno, haifai. Ikatupwa kando kwa karibu miaka kumi! Wakaendelea na ndugu yake, Sontochin, iliyotofautiana nayo kwa kipande kimoja kidogo tu.

Vita Kuu ya Pili ikaja. Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Java, na safari hii ni Wamarekani na Waingereza waliokosa kwinini. Wamarekani wakaanza kazi kubwa ya kupima kemikali. Walipima zaidi ya 10,000. Mwaka 1943, mji wa Tunis ulipotekwa kutoka kwa Wajerumani, madaktari wa Kifaransa waliokuwa wakiijaribu Sontochin huko waliwapa Wamarekani vidonge hivyo. Walipovichunguza, wakagundua kwamba kemikali za ukoo huo zimekwisha andikwa katika karatasi zilizokuwa kwao, Marekani. Wakalinganisha ndugu wote wa ukoo, mmoja mmoja. Aliyewashinda wenzake ni nani? Ni yule Resochin aliyetupwa. Alitosha kumezwa mara moja kwa juma ili kujikinga, wakati Atebrin ilimezwa kila siku.

Mkulima anaielewa habari hii vizuri. Ukijaribu mbegu mpya kwenye tuta moja tu, na tuta lenyewe liko penye kichuguu, utaidharau mbegu nzuri au utaisifu mbegu mbaya. Matuta yawe mengi.

Lipo jambo jingine ambalo halipendezi. Katika miaka hiyo, kemikali nyingi zilijaribiwa kwa watu wasio na sauti. Ujerumani ziliwahi kujaribiwa kwa wagonjwa wa akili. Marekani, katika gereza la Stateville jimboni Illinois, wafungwa waliambukizwa malaria makusudi ili dawa zipimwe. Walitia sahihi, ndiyo. Lakini mfungwa ana uhuru gani wa kukataa?

INAVYOUA, NA ILIVYOSHINDWA

Kijidudu cha malaria huingia ndani ya chembe nyekundu ya damu na kula wekundu wake. Kikila, hubaki taka yenye sumu. Kijidudu ni mjanja: huigeuza taka hiyo kuwa punje nyeusi zisizo na madhara. Klorokwini huzuia kazi hiyo. Basi kijidudu hufa kwa sumu ya chakula chake mwenyewe.

Kwa miaka mingi ilitufaa. Nne, nne, mbili: hivyo ndivyo mtu mzima alivyomeza kwa siku tatu. Lakini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Asia ya Kusini-Mashariki na Amerika ya Kusini, vilionekana vijidudu visivyokufa. Vilikuwa na mlango tumboni mwao unaoitoa dawa nje. Mwishoni mwa miaka ya 1970 vikaonekana Afrika Mashariki. Kila dawa ilipotumiwa, vijidudu dhaifu vilikufa, na vile vigumu vikabaki na nafasi yote ya kuzaana. Mwaka 2001 Tanzania iliiacha klorokwini kuwa dawa ya kwanza ya malaria.

KUPIMA DAWA SIKU HIZI

Leo kemikali mpya hupimwa kwanza katika vyombo vya kioo, ambamo vijidudu vya malaria hufugwa kwa damu ya watu. Ufugaji huo uliwezekana tangu mwaka 1976. Halafu hupimwa kwa wanyama. Ikifaulu, hupewa watu wachache wazima wa afya waliokubali wenyewe, ili kujua kama ni salama. Kisha wagonjwa mamia, na mwishowe wengi zaidi, dawa mpya ikishindanishwa na ya zamani.

Hapo mwisho, nani apewe ipi huamuliwa kwa kura. Kwa nini kura? Kwa sababu daktari akichagua mwenyewe, moyo wake utamvuta. Atawapa dawa mpya wale wanaoelekea kupona, halafu ataisifu dawa. Mara nyingi hata mgonjwa na daktari hawaambiwi ni kidonge kipi, mpaka hesabu ziishe. Kazi yote yaweza kuchukua miaka zaidi ya kumi. Na katika kemikali kumi zinazofika kwenye hatua ya kujaribiwa kwa watu, karibu tisa hushindwa.

Majaribio ya namna hii hufanywa hapa kwetu pia. Nchini Tanzania ni lazima yapate kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na dawa yenyewe husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Siku moja watafiti wanaweza kufika kijijini kwako. Watakuletea karatasi ya ridhaa kwa Kiswahili. Isome yote, usione haya kusoma polepole. Tazama imeandika nini kuhusu madhara, na nani wa kumwendea yakitokea. Unayo haki ya kukataa. Unayo haki ya kujitoa katikati, na zahanati iendelee kukutibu kama kawaida. Asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi, naye ana haki ya kusomewa yote. Wewe uliyesoma kisomo waweza kuwa shahidi wa jirani yako.

VIDONGE 24

Sasa turudi kwa baba na kitambaa chake. Dawa aliyopewa huitwa dawa mseto, ALu. Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2006. Ndani yake mna dawa mbili. Ya kwanza, atemeta, imetokana na mmea wa China uliorekebishwa katika maabara. Hupiga kwa nguvu, lakini huisha mwilini baada ya saa chache. Ya pili, lumefantrini, ni kemikali iliyobuniwa China. Hupiga polepole na hubaki mwilini siku kadhaa ikimalizia kazi.

Mtu mzima humeza vidonge vinne mara mbili kwa siku, kwa siku tatu. Piga hesabu: 4 mara 2 ni 8, na 8 mara 3 ni 24. Mtoto hupewa kwa uzito wake. Majaribio yalionyesha pia kwamba lumefantrini huingia vizuri katika damu ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta, au maziwa.

Tufanye hesabu nyingine. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kuwa na vijidudu 1,000,000,000,000 mwilini, yaani milioni mara milioni moja. Tuseme dawa kali, kwa siku mbili za kwanza, inaua vyote isipokuwa kimoja katika kila 10,000. Gawanya. Vinabaki 100,000,000. Vijidudu milioni mia moja, na baba hana homa, yuko shambani! Hivyo ndivyo vinavyongojewa na vidonge vilivyo kwenye kitambaa. Na mtoto akipewa vile vilivyobaki, havitoshi kumponya yeye, wala havikumaliza kazi kwa baba.

Tayari Shirika la Afya Duniani limethibitisha katika Rwanda, Uganda, Eritrea na Tanzania, mkoani Kagera, vijidudu ambavyo ile dawa ya mmea inachelewa kuvimaliza. ALu bado inaponya. Lakini wataalamu wamerudi kwenye kazi ya vichwa na mikia. Novemba 2025 yalitangazwa matokeo ya dawa mpya, ganaplasidi, ikichanganywa na lumefantrini. Ilijaribiwa kwa watu zaidi ya 1,600, wazima na watoto, katika nchi 12 za Afrika, nayo iliponya vizuri. Kemikali hiyo ilichaguliwa kutoka katika kemikali zaidi ya milioni mbili.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini Resochin ilitupwa kando, na ingefaa kufanywa nini?

2. Kwa nini kura hutumiwa katika kujaribu dawa? Toa mfano wako wa shambani.

3. Mtafiti anataka utie sahihi upesi kwa sababu gari linamngoja. Utamjibuje?

4. Katika nyumba yako kuna vidonge vilivyobaki? Vilikuwa vya nani, na vilikosa kumezwa siku gani?