Mada ya Tisa: Kutatua Fumbo la Siku kwa Programu

Mtahiniwa, mada hii inakuandaa kwa maswali yanayokutaka uandike programu fupi, au usome programu iliyokwisha kuandikwa na useme itatoa jibu gani. Wengi huyakimbia maswali haya. Waliokariri programu tano au sita za daftarini huyakimbilia, kisha hukwama pale mtunzi anapobadilisha sharti moja tu. Dawa ni kuzoea maswali ambayo hujawahi kuyaona, na mahali pazuri pa kuyapata ni katika mafumbo ya Disemba.

Mafumbo hayo huitwa Advent of Code. Yalianzishwa mwaka 2015 na Mmarekani Eric Wastl, ambaye kazi yake ni kuandika programu. Jina limetokana na kalenda za watoto wa Ulaya zenye vijidirisha: kila siku ya kungojea Krismasi hufunguliwa kimoja. Tangu 2015 hadi 2024 lilitoka fumbo moja kila siku, kuanzia tarehe 1 hadi 25 Disemba. Mwaka 2025 yakapunguzwa yakawa 12. Fumbo hufunguka saa sita ya usiku kwa saa za mashariki ya Marekani. Kwetu Mpendae hiyo ni saa mbili kamili asubuhi, vikombe vya chai bado viko mkekani. Hakuna kiingilio, na unaruhusiwa kutumia lugha yoyote ya programu.

Lakini mtihani wako uko Novemba. Fumbo la kwanza likitoka, wewe umeshamaliza karatasi zako zote. Kwa hiyo usingoje Disemba: mafumbo ya miaka iliyopita yote yako wazi. Chukua mwaka wowote, fanya siku ya kwanza hadi ya tano, na za mbele ziache kwanza. Zile za mwishoni huwatoa jasho hata watu wanaolipwa mshahara kwa kazi hii.

Kila fumbo lina hadithi, mfano mdogo wenye jibu lake, na orodha ndefu ya data ambayo ndiyo utakayoifanyia kazi. Huombwi programu yako. Unaombwa jibu tu. Ukikosea, unasubirishwa dakika moja kabla ya kujaribu tena. Katika kitendawili chetu ukishindwa unatoa mji na unaambiwa jibu. Hapa hata ukitoa Unguja nzima hawakwambii. Ukipatia, ndipo linapofunguka swali la pili, juu ya data ileile. Swali hilo la pili ndilo linalofanana sana na mtihani.

Tazama siku ya kwanza ya mwaka 2015. Mtu yuko ghorofa ya sifuri. Kila mabano ya kufungua humpandisha ghorofa moja, na kila mabano ya kufunga humshusha moja. Swali la kwanza linauliza ataishia ghorofa ya ngapi. La pili linauliza ni alama ya ngapi iliyompeleka chini ya ardhi kwa mara ya kwanza. Sisi hatukai kwenye maghorofa mengi, basi tutunge letu.

Mfano wa 1

Konda wa daladala la Mpendae kwenda Darajani anaandika P kila abiria anapopanda na S kila abiria anaposhuka. Daladala linaanza likiwa tupu. Orodha yake ni hii:

PPPSPPSSPPPS

(a) Mwisho wa orodha, wamo abiria wangapi? (b) Ni tukio la ngapi lililofanya abiria wawe 4 kwa mara ya kwanza?

Usiguse kibodi. Chukua karatasi, andika namba za matukio, na chini ya kila moja andika idadi ya abiria baada ya tukio hilo:

Tukio:   1 2 3 4 5 6 7 8 9 10 11 12
Herufi:  P P P S P P S S P P  P  S
Abiria:  1 2 3 2 3 4 3 2 3 4  5  4

Jibu la (a) ni 4. Jibu la (b) ni 6. Jedwali hili limekuchukua dakika mbili na sasa unalo la kulipimia programu yako. Pia ndilo unalotakiwa kulichora unapopewa programu na kuulizwa itatoa nini, kwa hiyo lizoee hata kama nyumbani huna kompyuta.

Sasa programu. Natumia Python, lugha iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991 na Guido van Rossum, kwa sababu maneno yake ni machache. Ikiwa skuli yenu inatumia lugha nyingine, hatua ni zilezile na alama ndizo zinazobadilika. Kwa swali (a), mwanafunzi mjanja ataandika mistari miwili:

orodha = "PPPSPPSSPPPS"
print(orodha.count("P") - orodha.count("S"))

Waliopanda ni 8, walioshuka ni 4, jibu ni 4. Sahihi kabisa, na ningempa alama zote. Lakini msogeze kwenye (b) na ujanja wake umekwisha. Hesabu ya jumla inajua safari ilipoishia, haijui ilipopitia. Atalazimika kuanza upya, na muda wa mtihani haumngojei. Aliyefuata tukio moja baada ya jingine ataongeza mistari michache tu:

orodha = "PPPSPPSSPPPS"
abiria = 0
namba = 0
for tukio in orodha:
    namba = namba + 1
    if tukio == "P":
        abiria = abiria + 1
    else:
        abiria = abiria - 1
    if abiria == 4:
        print(namba)
        break

Isome kwa Kiswahili kabla ya kuinakili: kwa kila tukio ndani ya orodha, ongeza namba, kama ni P ongeza abiria, kama sivyo punguza, abiria wakifika 4, chapisha namba na utoke kwenye mzunguko. Mtihani utaujibu kwa Kiingereza, lakini hakuna aliyekukataza kufikiri kwa lugha unayoijua vizuri.

Angalia mahali lilipo neno break. Ukilisahau, programu itachapisha 6, kisha 10, kisha 12, maana abiria wanakuwa 4 mara tatu. Swali limesema "kwa mara ya kwanza", na maneno hayo manne yamebeba alama. Angalia pia kwamba namba inaongezwa mwanzoni mwa mzunguko. Ukiiongeza mwishoni, baada ya sharti la abiria 4, programu itatoa 5.

Hapo tukae kidogo. Jibu la 5 linaweza kuja kwa njia mbili. Mmoja ameanza kuhesabu matukio kutoka sifuri, kama kompyuta inavyozihesabu herufi za orodha. Mwingine amehesabu waliopanda tu, akasahau aliyeshuka katika tukio la 4. P ya nne iko kwenye tukio la 5. Makosa mawili tofauti, jibu moja. Kwa hiyo jibu likikataa usiongeze moja kwa kubahatisha. Rudi kwenye jedwali, fuata programu mstari kwa mstari, na utafute tukio la kwanza ambalo programu na jedwali vinaachana.

Kuna mtego mwingine usioonekana kwa macho, na huwapata wengi siku ya kwanza wanaposoma data kutoka kwenye faili. Kwa kawaida faili la maandishi humalizika kwa alama ya mstari mpya. Huioni, lakini kompyuta inaihesabu kama herufi. Programu yetu inasema "kama sivyo, punguza", na alama hiyo siyo P, basi inamshusha abiria ambaye hakushuka. Ukitumia mzunguko huu kujibu (a), yaani ukiondoa sharti la 4 na kuchapisha abiria mwishoni, mfano ulioandika kwa mkono utakupa 4 na faili lenye herufi zilezile litakupa 3. Tiba ni kutoiamini else. Badala ya mstari wa else andika:

    elif tukio == "S":

Sasa kisicho P wala S kinapitwa bila kuguswa. Katika data ya herufi elfu kadhaa usingeweza kuligundua kosa hili kwa kutazama. Katika herufi 12 utaligundua, mradi uliujaribu mfano kutoka kwenye faili pia.

Zingatia: katika karatasi ya vitendo, programu inayojibu mfano sawasawa bado inaweza kukosa jibu la data nzima. Ikitokea hivyo, tunga mfano mwingine mdogo unaomkera mtunzi: orodha ya P moja tu, orodha tupu, orodha ambayo abiria hawafiki 4 kabisa. Je, programu ya hapo juu itachapisha nini kwa orodha PPSS? Haitachapisha kitu. Kama swali linataka ujumbe katika hali hiyo, lazima uuandike wewe.

Zoezi

Orodha ya konda wa jioni ni PPSPPPSSSPSPPS.

1. Chora jedwali la kufuatilia, kisha utaje idadi ya abiria mwishoni.
2. Ni tukio la ngapi lililofanya abiria wawe 3 kwa mara ya kwanza?
3. Badilisha programu ya Mfano wa 1 ili itoe idadi kubwa kabisa ya abiria waliowahi kuwemo kwa pamoja. Utahitaji kigeu kimoja cha ziada cha kutunzia idadi hiyo.
4. Badilisha tena ili ihesabu ni matukio mangapi yaliyoliacha daladala likiwa na abiria 3 au zaidi. Je, break inabaki?

Majibu: (1) 2, (2) tukio la 5, (3) 4, (4) matukio 4, na break inaondoka.