Dondoo muhimu: Kurekodi nzumari

Usiweke maikrofoni kwenye mdomo mpana wa nzumari. Sauti haitokei huko pekee. Noti nyingi hutokea kwenye matundu ya vidole, na maikrofoni iliyobanwa mdomoni huzipa baadhi nguvu na kuzififisha nyingine. Irudishe nyuma sentimita 60 hadi 100, iinue kidogo, kisha ielekeze katikati ya matundu na mdomo. Mpulizaji akipenda kuyumba, ongeza umbali badala ya kumkataza. Nzumari inayopulizwa na mtu aliyesimama kama mlingoti hupoteza uhai.

Maikrofoni ya dainamiki, mfano Shure SM57, hustahimili kishindo cha nzumari. Ya kondensa huokota kila mkwaruzo wa tete. Ukilazimika kuitumia, washa swichi ya kupunguza desibeli 10 kama inayo. Mimi huchagua ya utepe, kwa kuwa hulainisha ule ukali bila kuua mng'ao. Lakini kumbuka kwamba nyingi za aina hiyo husikia mbele na nyuma sawasawa: ngoma zikipigwa pamoja na nzumari, zikae ubavuni mwa maikrofoni.

Chumba chenye kuta tupu kitandikwe mikeka na kitundikwe mapazia mazito. Vilele vya sauti kwenye mita ya kurekodi visizidi desibeli -10.