Kufaulu Kunakobaki: Somo Kutoka Kisa cha Qaruni



Kila siku mwadhini hutuita mara kumi kwenye kufaulu. Katika kila adhana hutamka mara mbili "Hayya alal falaah", na adhana ni tano. Tumelisikia neno hilo tangu utotoni, lakini tukiulizwa kufaulu ni nini, jibu linalotutoka kwanza halitoki msikitini. Linatoka kwenye viwanja vya mahafali: shahada nzuri, kazi ya ofisini, gari, nyumba, harusi ya kusimuliwa. Je, kufaulu anakotuitia mwadhini ndiko huko tunakokukimbilia? Kama siko, ni kupi kunakodumu?

Neno lenyewe

Kwa Kiarabu mkulima huitwa fallah, na neno hilo lina mzizi mmoja na falah. Maana ya asili ya mzizi huo ni kupasua, kama jembe linavyoipasua ardhi. Kwa hiyo falah si kitu cha kuokota njiani. Ni mavuno ya mtu aliyelima, akapanda, akapalilia, kisha akamtegemea Mwenyezi Mungu. Mkulima anajua mambo mawili: mbegu hufukiwa kwanza ndipo ionekane, na mvua si mali yake. Tuyashike mambo hayo mawili.

Mtu aliyejivunia elimu yake

Katika Sura Al-Qasas, aya ya 76 hadi 82, Mwenyezi Mungu anatusimulia habari za Qaruni. Alikuwa katika watu wa Nabii Musa (a.s.), akapewa hazina ambazo funguo zake tu ziliwalemea watu wenye nguvu. Watu wake walimnasihi asijitape. Wanafunzi wenzangu, sikilizeni alivyojitetea. Hakusema kwamba amerithi, wala kwamba ana bahati. Alidai kuwa mali ile ameipata kwa sababu ya elimu aliyo nayo.

Nikiisoma aya hiyo huwa naona inatuhusu sisi tuliomo vyuoni kuliko wafanyabiashara wa sokoni. Elimu ndiyo mtaji wetu, na ni rahisi mtu kuona kila alichonacho kimetoka kichwani mwake. Husahau mwalimu aliyemfundisha kusoma, mama aliyeuza ndizi ili apate karo, na Mola aliyempa akili hiyo. Qaruni aliisahau mvua, akadhani shamba lilistawi kwa jembe lake peke yake.

Kisha akatoka mbele ya watu katika mapambo yake. Waliotaka maisha ya dunia wakatamani wangekuwa na mfano wa alichopewa. Leo hatuhitaji kusubiri tajiri apite barabarani, kwani mapambo ya wenzetu yanapita kwenye simu zetu usiku kucha. Lakini katika umati ule walikuwamo pia watu waliopewa elimu, nao waliwaonya wenzao kwamba malipo ya Mwenyezi Mungu ni bora kwa aliyeamini na kutenda mema. Basi elimu imetajwa katika kisa hiki kwa namna mbili: ipo iliyomfanya mtu ajione, na ipo iliyowafanya watu waone. Kila mmoja wetu atatoka chuoni na mojawapo.

Ardhi ikammeza Qaruni pamoja na nyumba yake. Waliomtamani jana wakashukuru kuwa hawakuwa yeye. Na neno linalofunga kisa hicho, mwishoni mwa aya ya 82, linatoka katika mzizi uleule wa falah: makafiri hawafaulu.

Furaha ya kupata haikai

Jambo hili limeonekana hata kwa watafiti wasioanzia kwenye wahyi. Mwaka 1978 watafiti watatu nchini Marekani, Brickman, Coates na Janoff-Bulman, walichapisha utafiti juu ya watu 22 walioshinda bahati nasibu. Waliwalinganisha na watu wa kawaida ambao hawakushinda. Washindi hawakuonekana kuwa na furaha iliyowazidi wenzao kwa tofauti ya maana, tena vitu vidogo vya kila siku, kama kuzungumza na rafiki, viliwapendeza kidogo kuliko wenzao. Ulikuwa utafiti mdogo, lakini uwapitie akilini wale wanaopeleka pesa ya chakula kwenye vibanda vya kubeti. Kamari ni haramu kwetu mtu akipoteza au akishinda.

Utafiti mwingine ni wa Chuo Kikuu cha Harvard, ulioanza mwaka 1938. Uliwafuatilia wanafunzi 268 wa chuo hicho, na baadaye ukaunganishwa na ule uliofuatilia vijana 456 kutoka mitaa ya kimaskini ya mji wa Boston. Baada ya miongo mingi, jambo lililojitokeza kwa nguvu halikuwa mshahara wala umaarufu. Walioishi vizuri na jamaa na marafiki ndio waliozeeka wakiwa na afya na furaha zaidi. Sisi tulikwisha kufundishwa. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) anamwelekeza anayependa riziki yake ikunjuliwe na umri wake urefushwe aunge udugu.

Mlima wa Kibuli

Tukitaka kuona kwa macho, tupande Kibuli, hapa Kampala. Mwanamfalme Badru Kakungulu, mtoto wa Mwanamfalme Nuhu Mbogo, alikuwa mtu wa ukoo wa kifalme mwenye ardhi. Wakati wake shule nyingi nchini zilikuwa za makanisa, na mtoto wa Kiislamu alikuwa na nafasi chache. Alitoa ardhi yake mlimani hapo kwa ajili ya Waislamu, na leo pana msikiti, shule na hospitali. Alifariki mwaka 1991. Wengi wetu tunaosoma gazeti hili tulizaliwa baada ya hapo, lakini wapo kati yetu waliosoma Kibuli, na wapo ambao mama zao walijifungulia pale.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwanadamu akifa, amali zake hukatika isipokuwa mambo matatu: sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea. Qaruni alikuwa na nyumba, ikaenda naye ardhini. Ardhi aliyoitoa Kakungulu ingali inawafaa watu.

Kwa ndugu asiyejua kama atapata kazi

Baada ya darsa moja, ndugu wa mwaka wa mwisho aliniuliza swali ambalo najua si lake peke yake. Baba yake aliuza ng'ombe wawili ili yeye aingie chuo, na wadogo zake wanangoja zamu yao. "Nisipopata kazi," akasema, "si nitakuwa nimefeli mbele ya baba na mbele ya Mungu?"

Nilimjibu hivi. Ng'ombe wale ni haki ya baba yako, wala dini haikuambii ukae ukisubiri. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba mtu kubeba mzigo wa kuni mgongoni akauza ni bora kwake kuliko kuombaomba. Kwa hiyo kazi ya halali isikuonee haya, hata kama haina jina la shahada yako. Lakini ajira ni mvua, na mvua si yako. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, mja ataulizwa Siku ya Kiyama juu ya umri wake aliumaliza katika nini, elimu yake aliifanyia nini, mali yake aliipata wapi na kuitumia wapi, na mwili wake aliuchakaza katika nini. Hakuna swali la cheo hapo. Utaulizwa juu ya kulima kwako. Baba yako naye, akiona mwanawe ni mwaminifu, anapiga simu nyumbani na hadharau kazi, atajua ng'ombe wake hawakupotea.

Mambo manne ya kushika

Aya ya 77 ya sura hiyo inataja nasaha nne alizopewa Qaruni akazikataa. Sisi tuzichukue.

Kwanza, kutafuta Akhera kwa kile ulichopewa. Wewe umepewa elimu. Mfundishe hesabu mtoto wa jirani, au msaidie mwenzako wa mwaka wa kwanza aliyeshindwa na somo ulilolipita.

Pili, kutosahau fungu lako la dunia. Soma kwa bidii, kula vizuri, lala, oa au olewa ukiweza. Kufeli mtihani kwa uvivu si uchamungu.

Tatu, kufanya wema kama Mwenyezi Mungu alivyokufanyia wewe. Andika majina ya watu watano waliokufikisha hapa, na wiki hii umtafute angalau mmoja umshukuru.

Nne, kutotafuta ufisadi katika ardhi. Ufisadi mkubwa wa ofisini huanzia hapa chuoni, kwa kununua kazi ya utafiti na kusaini mahudhurio ya asiyekuwepo. Mbegu hiyo nayo hufukiwa kwanza, kisha ikaota.

Swali la kujadili katika halaqa: yote uliyo nayo leo yakiondoka kesho, ni kipi ulichokipanda kwa watu kitakachoendelea kuota?

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, riziki ya halali na mwisho mwema. Wabillahi tawfiq.