UZAZI WA KWANZA: KWA NINI TUPIMWE KIMO NA UZITO?

Mwezi huu tunazungumza na akina mama wenye mimba ya kwanza, pamoja na waume na mama wakwe zao. Mama aliyekwisha kuzaa salama, njia yake imejulikana. Wa mimba ya kwanza bado. Ndiyo maana kliniki humpima kimo na uzito, na kumwuliza umri.

Mambo yanayoweza kuleta uchungu mgumu ni haya:

1. Kimo. Mama aliye chini ya sentimita 150 huenda akawa na nyonga nyembamba.

2. Umri. Nyonga za msichana mdogo hazijakomaa. Kwa aliyepita miaka 35, shinikizo la damu na kisukari cha mimba hutokea zaidi.

3. Unene. Chukua kilo za kabla ya mimba, ugawe kwa kimo cha mita mara kimo. Mama wa kilo 80 na mita 1.60 hupata 31. Kuanzia 30 ni unene wa kupindukia: mara nyingi uchungu huenda polepole, mtoto huweza kuwa mkubwa, na upasuaji huhitajika zaidi.

4. Mtoto kulala vibaya, kwa mfano kutanguliza matako.

Je, mama ajinyime chakula ili mtoto awe mdogo? La, hasha! Njaa haipanui nyonga; humletea mama upungufu wa damu na mtoto udhaifu. Ale maharage, dagaa, mboga na matunda, apunguze sukari na mafuta.

Tusidanganyike. Wengi wenye dalili hizi huzaa salama, na asiye na hata moja anaweza kukwama. Mtoto akikwama muda mrefu, mji wa mimba huweza kupasuka, mtoto akafa, au mama akabaki na fistula, akivuja mkojo mchana na usiku. Kwa hiyo kila uzazi wa kwanza uwe mahali penye mkunga aliyesomea, karibu na msaada wa upasuaji. Njia ikishafunguka sentimita 5, kwa kawaida mtoto huzaliwa kabla ya saa 12 kupita.

Mama, anza kliniki kabla ya wiki 12. Nawe baba, je, umekwisha kuweka akiba ya nauli? Uchungu hauchagui saa.